Mdahalo, Toastmasters, darasa au simu: mwanafunzi wa chuo Uganda ajifunzie wapi kuhutubia?

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Makerere, Kyambogo au KIU Kansanga kwa nini anakwepa kusimama mbele ya wenzake, naye atakujibu kwamba yeye si msemaji, hakuzaliwa na kipaji hicho. Tunaomba asijifungie hapo. Kuhutubia kunajengwa na vitu viwili vinavyopimika: dakika ulizosimama mbele ya watu, na mtu wa kukueleza kinagaubaga ulipokosea ukishakaa. Anayetetemeka mwaka wa tatu kama alivyotetemeka mwaka wa kwanza amekosa kimoja kati ya hivyo, na mara nyingi amekosa vyote viwili. Kwa hiyo njia zote hapa chini tumezipima kwa vipimo hivyo kwanza, kisha gharama, kisha lugha, maana lugha kwa msemaji wa Kiswahili aliye Uganda ni suala la peke yake.

Tuchukue muhula wa wiki 17, mbili za mwisho zikiwa za mitihani.

| Njia | Dakika za kusimama kwa muhula | Anayekurekebisha | Gharama |
|---|---|---|---|
| Mdahalo, mara moja kwa wiki | hadi 84 (mikutano 12 × dakika 7) | jaji, papo hapo | jioni nzima kila wiki. Nauli na ada za mashindano |
| Toastmasters (klabu za mazoezi ya kuhutubia) | kama 40 | mtathmini, kwa mdomo na kwa maandishi | ada kila miezi sita |
| Wasilisho la darasani | 10 hadi 15 | mhadhiri, mara nyingi kwa alama tu | hakuna |
| Kanisani, msikitini, chama cha wanafunzi | hutegemea zamu | karibu hakuna | hakuna |
| Kujirekodi kwa simu | 180 (dakika 3 × siku 4 × wiki 15) | wewe mwenyewe | chaji na nafasi kwenye simu |

Namba hizo ni za mtu anayehudhuria bila kukosa. Chama cha mdahalo kikiwa na watu 30 na chumba kimoja, mgeni anaweza kukaa wiki tatu akitazama tu. Kabla ya kujiunga popote, hudhuria mara moja ukiwa na saa, uhesabu wageni walisimama dakika ngapi. Hesabu hiyo itakusaidia kuliko sifa zozote zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Mdahalo

Vyama vingi vya mdahalo vya vyuo hucheza mtindo wa bunge la Uingereza. Timu ni nne, kila moja ina watu wawili: mbili zinaunga mkono mada, mbili zinapinga. Mada inatangazwa, mnapewa dakika 15 za kujiandaa, kisha kila msemaji ana dakika saba. Dakika ya kwanza na ya saba hakuna ruhusa ya kukukatiza. Kati ya hapo mpinzani anaweza kusimama aombe kuuliza swali, nawe una hiari ya kumkubalia au kumkalisha. Mwishoni jaji anazipanga timu kuanzia ya kwanza hadi ya nne, anatoa alama 3, 2, 1 na 0, na anaeleza kwa nini. Kila msemaji naye hupewa alama yake kwenye kipimo cha 50 hadi 100, na 75 ndiyo ya wastani.

Kinachofanya mdahalo ukuze mtu haraka ni zile dakika 15. Huna muda wa kuandika hotuba, kwa hiyo huna cha kukariri, na woga mwingi wa wanafunzi ni woga wa kusahau walichokariri. Zigawe hivi: dakika tatu kila mmoja aandike peke yake bila kuzungumza na mwenzake; dakika tano mchague hoja mbili tu na kuzitupa nyingine; dakika nne za mifano; dakika tatu za mwisho kila mmoja atamke sentensi zake mbili za ufunguzi kwa sauti. Wageni hufanya kinyume, wanabishana dakika 14 kuhusu hoja ya kuchagua, kisha wanaingia ukumbini na karatasi nyeupe.

Shida ya pili ya mgeni ni kukaukiwa dakika ya tatu. Sababu yake ni kwamba anataja dai na kulihama. Chukua mada "Bodaboda zipigwe marufuku katikati ya Kampala". Mgeni anasema: "Boda zinasababisha ajali nyingi." Zimepita sekunde tatu, na amemaliza. Jiulize "kwa nini?" mara mbili, kisha "kwa hiyo?" mara moja. Kwa nini zinasababisha ajali? Kwa sababu dereva analipwa kwa safari, si kwa saa. Kila dakika anayokaa kwenye foleni ya Wandegeya ni hasara, ndiyo maana anapenya kati ya magari na kupanda njia ya waenda kwa miguu. Kwa nini basi mafunzo ya udereva hayatoshi? Kwa sababu mafunzo yanabadili anachokijua, hayabadili namna anavyolipwa. Kwa hiyo? Kinachopaswa kubadilika ni mahali anaporuhusiwa kufanyia kazi. Dai lile lile la sekunde tatu sasa lina dakika moja na nusu ndani yake, na mpinzani ana kazi ya kufanya.

Mdahalo una madhara yake, nasi hatutayaficha. Unafundisha mwendo wa mbio, kwa sababu jaji mzoefu husikiliza haraka na wasemaji hujazana maneno. Unafundisha ukali wa sauti na kidole cha kunyooshea watu. Na unakuzoesha kudhani kwamba kila anayekusikiliza yuko upande fulani. Mwanafunzi aliyetoka mdahaloni moja kwa moja akaingia usaili wa kazi hujibu maswali kana kwamba anapinga mada. Ukiona marafiki zako wanaanza kusema "tunabishana tu, tulia", dalili hiyo imefika.

Hata hivyo, kwa atakayefanya sheria, siasa, uandishi wa habari au utafiti, hatuoni njia nyingine inayofikia mdahalo. Makerere ina historia ya jambo hili: mwaka 1970 Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyekuwa profesa hapo, alikabiliana kwa mdahalo na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana. Msemaji mzuri wa mdahalo hueleza hoja ya mpinzani wake vizuri kabla ya kuipinga, na hilo ni zoezi unaloweza kulianza wiki hii: kabla ya kumjibu mtu, rudia alichosema mpaka mwenyewe akubali kwamba ndicho alichosema.

Toastmasters

Toastmasters ilianzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 huko Santa Ana, California, na klabu zake zipo Kampala. Mwanachama lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Ada ya kimataifa inalipwa kila miezi sita, na klabu yenyewe inaweza kuongeza yake kwa ajili ya ukumbi. Uliza jumla kamili kwa shilingi kabla ya kujaza fomu. Mgeni kwa kawaida anaruhusiwa kuhudhuria bila malipo, kwa hiyo nenda mikutano miwili ya klabu mbili tofauti ndipo uamue.

Mkutano una sehemu tatu. Ya kwanza ni hotuba zilizoandaliwa: ya kwanza kabisa ya mwanachama ni ya kujitambulisha, dakika nne hadi sita, na nyingi zinazofuata ni dakika tano hadi saba. Ya pili ni maswali ya papo hapo, unaitwa bila kujua utaulizwa nini na unajibu kwa dakika moja hadi mbili. Ya tatu ni tathmini: kila aliyehutubia anapata mtu wa kumtathmini kwa dakika mbili au tatu mbele ya wote. Pembeni yupo mtunza muda mwenye taa au kadi. Kwa hotuba ya dakika tano hadi saba, kijani inawaka dakika ya tano, njano ya sita, nyekundu ya saba. Na yupo mtu ambaye kazi yake yote ni kuhesabu kila "aa", "ee" na kila neno la kujazia uliloliachia.

Huyo mhesabuji ndiye anayewashtua Waganda na wageni wao. Msemaji anayeaminika sana, kiongozi wa darasa, anakuta kwamba kwa dakika sita amesema "yaani" mara 23. Zipo pia tabia ambazo hazihesabiwi kwa kawaida, na hapa Uganda mojawapo ni ya swali katikati ya sentensi: "Tunataka kuleta nini? Maendeleo. Lakini tutayaleta kwa nini? Kwa umoja." Mtindo huu umetoka darasani, ambako mwalimu huacha neno la mwisho ili watoto walimalizie kwa pamoja. Ukumbini hadhira haimalizii. Inasubiri, na baada ya mara ya tano inachoka kufanywa watoto wa shule. Mwombe mhesabuji aziweke na hizo kwenye orodha yake. Tiba yake ni kunyamaza pale ambapo swali lingekuja, sekunde moja nzima, kisha kulisema neno lenyewe.

Ubora wa Toastmasters uko kwenye tathmini. Inaanza na kilichokwenda vizuri, inakwenda kwenye la kurekebisha, inafunga na la kutia moyo. Kwa mtu aliyewahi kuzomewa, mpangilio huo ni dawa. Kasoro yake ni kwamba klabu yenye upole kupita kiasi hukupigia makofi mwaka mzima. Ukitathminiwa mara tatu mfululizo bila kuambiwa jambo moja la kurekebisha lenye mfano ("dakika ya tatu uliwapa watu mgongo ukisoma ukuta"), muombe mratibu wa elimu wa klabu akupangie mtathmini mwingine. Wala usione haya, ada yako inalipia hilo.

Kasoro nyingine ni foleni. Klabu yenye wanachama 25 na hotuba tatu kwa mkutano, ikikutana kila wiki, itakupa hotuba moja kwa wiki nane hivi. Wanaokua haraka hawasubiri foleni: wanajitolea kuwa watunza muda, watathmini, waongozaji wa maswali, na wanakaa tayari na hotuba moja iliyoiva kwa ajili ya siku ambayo mzungumzaji aliyepangwa hatatokea. Siku hiyo huja.

Kati ya hizo mbili

Kama tatizo lako ni kwamba unaogopa watu, anzia Toastmasters. Kama watu huwaogopi ila husikilizwi, yaani unaongea vizuri lakini mwisho wa maneno hakuna aliyebadili mawazo, nenda mdahaloni. Mdahalo unasahihisha hoja na kuachilia mwili. Toastmasters inasahihisha mwili na kuachilia hoja. Jaji wa mdahalo hatakwambia kwamba unayumba kama mtu aliye ndani ya matatu, na mtathmini wa Toastmasters hatakwambia kwamba ushahidi wako haukuthibitisha chochote.

Wapo wanaofanya zote mbili muhula mmoja. Hatushauri. Ukichanganya, nguvu zinaishia kwenye maandalizi ya ratiba mbili, na ikifika wiki ya mitihani ya kati unaacha zote. Fanya moja kwa miezi minne, kisha hamia nyingine ukitaka.

Darasani

Wasilisho la darasani ni la lazima na lina alama, kwa hiyo wengi hudhani linatosha. Piga hesabu: kikundi cha watu wanane, dakika 15, ni chini ya dakika mbili kwa kila mmoja, na kwa kawaida vikundi humsukuma mbele yule yule anayejua kuongea huku wengine wamejipanga nyuma yake mikono ikiwa imekunjwa. Mihula sita ikipita hivyo, umehitimu bila kusema.

Ila kuna namna ya kulitumia. Usiombe sehemu ya katikati. Omba utangulizi, maana unausema mapema hofu ikiwa bado ndogo, au omba maswali. Sehemu ya maswali haina anayeitaka, na ndiyo yenye dakika nyingi na mazoezi ya kweli. Jiandalie maswali kumi ambayo mhadhiri anaweza kuuliza; matano yatakuwa ni juu ya mapungufu ya data yenu. Ukiulizwa usilolijua, sema kwanza unalolijua lililo karibu nalo, kisha taja ni nini kingehitajika ili kulijibu. Kubahatisha mbele ya mhadhiri aliyeandika tasnifu juu ya jambo hilo hakujawahi kumsaidia mtu.

Kuhusu slaidi, makosa yanayoharibu mawasilisho ya wanafunzi ni machache na yanajirudia. Maandishi yaliyo chini ya saizi 24 hayasomeki kutoka safu ya nyuma ya ukumbi mkubwa. Faili la slaidi likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine hubadilika herufi na mpangilio, kwa hiyo beba nakala ya PDF kwenye flashi. Projekta nyingi kuukuu zina tundu la VGA tu wakati kompyuta mpya zina HDMI. Fika dakika 15 kabla, na kikundi kiwe na kiunganishi chake. Umeme ukikatika, wasilisho linaendelea, ndiyo maana kila mmoja awe na karatasi moja yenye vichwa vitano vya maneno yake. Karatasi iwe ngumu, ukubwa wa nusu ya A4: nyepesi hutetemeka pamoja na mkono, na mtetemo wake unaonekana mpaka nyuma.

Kanisani, msikitini, kampeni na harusi

Vikundi vya maombi na jumuiya za wanafunzi Waislamu huwapa vijana jukwaa kila wiki, na hadhira yake inakupenda. Kwa kuvunja woga wa mwanzo hapana mahali pazuri zaidi. Tatizo ni kwamba hadhira inayokupenda haikukosoi. Ukichelewesha watu dakika 20 watasema umebarikiwa. Tafuta mtu mmoja mle ndani wa kukuandikia mambo mawili kila mara. Ukishika kipaza sauti, kiweke umbali wa sentimita tano hadi kumi, chini kidogo ya midomo na kikiwa kimeinama, ili pumzi ya "p" na "b" isikipige moja kwa moja. Usikifunike kichwa chake kwa kiganja, na usisimame mbele ya spika: sauti ya spika ikiingia tena kwenye kipaza sauti ndipo inapozaliwa ile filimbi ya kuumiza masikio. Kugonga na kupuliza ili kujaribu ni kukiharibu. Sema tu neno.

Kampeni za serikali ya wanafunzi zamani zilikuwa shule kubwa ya wasemaji. Julai 2022 Makerere ilisitisha uchaguzi huo baada ya mwanafunzi kuuawa katika vurugu za kampeni. Hatumshauri mtu agombee kwa nia ya kufanya mazoezi ya kuongea.

Njia moja wageni wengi hawaifikirii: ukialikwa kwenye kwanjula, nenda, ukae ukimtazama omwogezi. Huyu ni msemaji wa ukoo katika sherehe hiyo ya Baganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Kila upande una wake, na wanachuana kwa saa kadhaa kwa adabu, methali na mizaha bila kipande cha karatasi. Hata usipojua Luganda, angalia anavyonyamaza kabla ya jambo kubwa, anavyowageukia wazee anapoomba na kuwageukia wageni anapotania, na anavyoshusha sauti pale ambapo mwanafunzi angepiga kelele. Si mahali pa kujifunzia kwa kusimama, ni pa kujifunzia kwa macho, na kwa macho hapana mfano wake.

Simu

Simu ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo inayoachwa mapema kuliko zote, kwa sababu watu huanza na video, wanajichukia walivyo, wanafuta. Anza na sauti tupu. Dakika moja ya sauti huchukua karibu megabaiti moja au chini yake, wakati video ya dakika moja inaweza kula megabaiti 60, kwa hiyo hata simu iliyojaa inatosha.

Fanya hivi kwa siku nne za wiki. Siku ya kwanza chagua habari moja ya gazeti la siku hiyo, isome, weka gazeti pembeni, iseme kwa dakika tatu bila kusimamisha rekodi hata ukikosea. Siku ya pili isikilize na uandike dakika moja yake neno kwa neno, pamoja na kila "ee" na kila sentensi iliyokatika. Inauma, lakini hakuna zoezi linalorekebisha haraka kama hilo, kwani macho yanaona kile ambacho sikio limezoea kusamehe. Kisha iseme tena habari ile ile. Siku ya tatu rekodi video, simu ikiwa usawa wa macho na wewe ukiwa umesimama mita mbili au tatu kutoka kwayo. Itazame kwanza bila sauti. Siku ya nne waite watu wawili wa hosteli wakusikilize ana kwa ana.

Siku ya nne ndiyo inayorukwa, na ikirukwa zoezi zima halitibu woga. Mbele ya simu moyo hauendi mbio. Woga unapungua kwa kuukabili mara nyingi mbele ya watu: mwili unajimwagia adrenalini, kinywa kinakauka, mikono inatetemeka, na ukibaki umesimama unajifunza kwamba baada ya dakika chache za mwanzo mambo hutulia. Anayekaa chini haraka haifikii sehemu hiyo, kwa hiyo mwili wake unabaki na kumbukumbu ya kilele tu. Kabla ya kuitwa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita au nane, mara tano. Ni kule kuitoa polepole kunakopunguza mapigo. Kunywa maji kidogo, soda uiache.

Kiswahili au Kiingereza?

Masomo ni kwa Kiingereza, na mdahalo na Toastmasters pia kwa kiasi kikubwa. Lakini Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likakipitisha tena Julai 2022 na kuagiza kifundishwe shuleni, na kazi nyingi za kikanda, kuanzia mashirika ya misaada hadi biashara ya mipakani Busia, Malaba na Mutukula, zinamtaka mtu anayesimama na kukizungumza. Ukiwa na lugha zote mbili jukwaani, una soko ambalo wenzako hawana. Ushauri wetu: fanya mdahalo kwa Kiingereza, na mazoezi ya simu ufanye siku mbili kwa Kiswahili.

Lugha hizi hazihutubiwi sawasawa. Katika Kiswahili, nafsi na ukanushi viko mwanzoni mwa kitenzi: tofauti ya "tulikubali" na "hatukukubali" inaanzia kwenye silabi ya kwanza. Mtu anayeanza sentensi kwa sauti ya chini akipandisha kadiri anavyoendelea, jambo ambalo Kiingereza huvumilia, kwa Kiswahili anameza kile kinachoamua kama amekubali au amekataa. Vuta pumzi kabla ya kitenzi, usiivute katikati yake. Kipaza sauti nacho kiwe kimeshawashwa na kuwekwa mdomoni kabla ya neno la kwanza.

Kwa aliyelelewa na Luganda, kazi kubwa ni "r" na "l". Katika Luganda "r" hufuata "i" na "e", kwingine ni "l", na sikio hupeleka kanuni hiyo kwenye Kiswahili. Matokeo yake mgombea anawaomba watu "kula" badala ya "kura", na ukumbi unacheka wakati yeye anahitaji wanyamaze. Fanyia mazoezi jozi: kura na kula, karamu na kalamu, mahari na mahali. Dakika mbili kila asubuhi kwa wiki sita, ukijirekodi. "H" ya mwanzo nayo huanguka, na "habari" inakuwa "abari". Kwa Mkenya, Mkongomani au Mtanzania aliyekuja kusoma Uganda shida ni nyingine: Kiswahili chake ni cha kasi na misimu ya nyumbani, na hadhira ya Kampala, ambayo wengi wao walikisikia kwanza kwa askari, inaachwa nyuma. Punguza mwendo na epuka misimu.

Kasi isipimwe kwa maneno ya Kiingereza. Maneno ya Kiswahili ni marefu kwa sababu yamebeba nafsi, njeo na yambwa kwa pamoja, kwa hiyo hotuba ya dakika tano ina maneno machache kuliko ya Kiingereza. Soma maandishi yako kwa dakika moja kwa mwendo wa ukumbini, hesabu maneno, zidisha kwa tano, na usiandike zaidi ya hapo.

Na kuhusu salamu. Mikutano ya Uganda hupenda kumtaja kila mheshimiwa kwa cheo chake, na wanafunzi huiga mpaka dakika mbili zinakwisha. Kwenye sherehe, taja mgeni rasmi na mwenyeji, sema itifaki imezingatiwa, endelea. Mdahaloni usitaje mtu, anza na hoja.

Kwa hali yako

Mwaka wa kwanza, mwenye woga, asiye na fedha: simu siku nne kwa wiki, kikundi cha dini au chama cha kwenu mara mbili kwa mwezi, na kila wasilisho la darasani uchukue utangulizi. Muhula wa pili ingia mdahaloni.

Wa sheria au siasa: mdahalo kuanzia wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, kabla vikundi havijajaa.

Wa udaktari, uhandisi au kompyuta, ambaye ratiba ya maabara haimwachii jioni: darasa na simu, na sehemu ya maswali iwe yako kila mara. Mdahalo wa jioni nzima utaukimbia tu.

Mwaka wa mwisho anayeelekea usaili: Toastmasters kwa miezi sita, kwa ajili ya yale maswali ya papo hapo ya dakika moja hadi mbili. Ndiyo zoezi lililo karibu zaidi na chumba cha usaili. Lipa mwanzoni mwa Aprili au Oktoba, maana ada inahesabiwa kwa vipindi vinavyoanza miezi hiyo, na uliza katibu wa klabu anayejiunga katikati ya kipindi analipaje.